Shajara ya mradi: makazi ya watu wanne kwenye Mirihi, yakijaribiwa kwenye banda la Arusha

18 Januari 2025: Tunajenga nini, na wapi

Kundi letu ni dogo: mchora ramani za nyumba, mwalimu wa fizikia wa sekondari, fundi mchomeleaji, bwana shamba, na mimi ninayeandika na kutunza risiti. Tumeazima banda pembeni ya mji. Kazi ni kuchora kituo cha wanaanga wanne watakaokaa kwenye Mirihi siku 500 hivi, wakingoja Dunia na Mirihi zikae mkao mzuri wa safari ya kurudi. Sehemu ya mchoro inayoweza kujaribiwa kwa vifaa vya dukani tutaijaribu. Isiyowezekana tutaiandikia hesabu.

Mahali tulipochagua ni Arcadia Planitia, nyuzi 38 hivi kaskazini ya ikweta ya Mirihi. Ni uwanda wa chini, kwa hiyo chombo kinachotua kinapata hewa nyingi kidogo ya kukipunguzia kasi, na barafu iko karibu na uso. Tarehe 24 Desemba 2021 kimondo kiliipiga Amazonis Planitia, uwanda jirani, kikachimba shimo la upana wa mita 150 hivi na kurusha nje mabonge ya barafu. Mtetemo wake ulisikika kwenye InSight, chombo kilichokuwa kikipima mitetemo ya Mirihi. Mabonge yale ndiyo yaliyotushawishi, maana maji ya kubeba kutoka Duniani hayabebeki.

Hali ya kule kwa ufupi: shinikizo la hewa halifiki hata asilimia 1 ya la kwetu, hewa yenyewe ni kaboni dioksaidi kwa asilimia 95, wastani wa baridi ni nyuzi 60 chini ya sifuri, na uzito wa kila kitu ni asilimia 38 ya uzito wake hapa.

Bajeti isizidi shilingi milioni tatu.

16 Februari: Zege la salfa

Saruji tuliiweka kando mapema. Inataka maji, na maji ya kule ni ya kunywa. Halafu kuna funzo la Biosphere 2, jengo la majaribio lililozibwa kule Arizona, ambako watu wanane walijifungia mwaka 1991 hadi 1993. Oksijeni ilishuka kutoka karibu asilimia 21 hadi chini ya 15 na hawakujua inaishia wapi. Ilikuja kubainika kwamba vijidudu vya kwenye udongo wenye mbolea nyingi viliila na kutoa kaboni dioksaidi, nayo ikawa inanyonywa na zege la kuta. Mimi nisingelala kwenye nyumba inayokunywa hewa yangu.

Salfa, kwa upande mwingine, iko tele kwenye udongo wa Mirihi. Mwaka 2024 Curiosity, gari la utafiti lililoko kule, lilikanyaga jiwe likapasuka, na ndani mkawa na fuwele za salfa tupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern walikwisha kuchanganya salfa na udongo wa kuigiza wa Mirihi nusu kwa nusu na kupata zege gumu kuliko la saruji la kawaida.

Hapa kwetu salfa haina shida. Ni ileile ya unga wanayopuliza mikorosho Mtwara na Lindi dhidi ya ubwiri unga, na duka la pembejeo lilikuwa nayo kwa mifuko ya kilo 25. Udongo tulichota majivu ya volkeno chini ya Meru na kuyachekecha. Anayenakili aelewe kwamba mawe ya Meru yana sodiamu nyingi kuliko basalti ya Mirihi, hivyo majivu haya yanaiga chembe na ukali wa udongo wa kule, si kemia yake.

Sehemu ngumu ilikuwa moto. Salfa inayeyuka kwenye nyuzi 115 hivi, ikawa majimaji ya njano yanayomwagika kama mafuta. Ikivuka 159 inageuka: inakuwa nyekundu iliyokolea, inakuwa nzito, mwiko unasimama. Jiko la mkaa halijui nyuzi 140. Sufuria ya kwanza ilipita hapo kabla hatujasoma kipimajoto, mchanganyiko ukashika kando na katikati ukabaki unga mkavu. Ya pili ilishika moto, mwali wa bluu usioonekana vizuri mchana, na moshi wake unakaba koo. Tuliifunika kwa bati na kukimbilia upande wa upepo.

Dawa yake ni sufuria ndani ya sufuria. Ya nje ina mafuta ya kupikia, ya ndani ina salfa na majivu, na kipimajoto kinakaa kwenye mafuta. Mafuta yakifika 140 unaondoa makaa. Fanyeni nje, kwa barakoa ya gesi na miwani. Barakoa ya kitambaa haisaidii.

Tatizo la pili: tofali likipoa linasinyaa, na nyufa zinakaa palepale kwenye kona. Tulihamia kwenye mashine ya mkono ya kufyatulia tofali za udongo, tukawa tunalikandamiza likiwa bado la moto. Nyufa zikaisha. Pikapu ilipita juu ya tofali lililolazwa chini na halikusema kitu. Lililovunjika linayeyushwa upya, jambo ambalo saruji haliwezi.

Gharama: salfa mifuko miwili 76,000; kipimajoto 25,000; mafuta 32,000; barakoa na miwani 48,000. Mashine tuliazima.

23 Machi: Kuba lilinyanyuka

Siku hii ndiyo iliyobadilisha mradi mzima, kwa hiyo naieleza kirefu.

Mchoro wa kwanza ulikuwa kuba la matofali, kama picha nyingi za makazi ya Mirihi zinavyoonyesha. Tulijenga kipande cha kuba, unene wa sentimita 15, juu ya fomu ya mbao, tukaacha ndani mpira wa tairi la trekta. Tukaujaza upepo polepole kuiga hewa ya chumbani. Kupima shinikizo tulitumia mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, uliokunjwa mfano wa herufi U na kutiwa maji yenye rangi. Tofauti ya kimo cha maji ya mita moja ni kilopaskali 10 hivi. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba shinikizo likizidi, maji yanaruka nje na upepo unatoka, kwa hiyo hakuna kinacholipuka. Msitumie kompresa iliyofungwa bila njia ya kupumulia.

Maji hayakufika sentimita 30. Matofali ya juu yalinyanyuka kwa pamoja, yakakaa hewani kidogo huku mpira ukichungulia kwenye nyufa, kisha upande mmoja ukateleza. Hakuna aliyeumia, tulikuwa nyuma ya ukuta.

Mwalimu alipiga hesabu chini kwa kijiti. Kuba la unene ule lina uzito wa kilo 300 kwa kila mita ya mraba, sawa na sentimita 30 za maji. Yaani halina hila yoyote, likinyanyuliwa na zaidi ya uzito wake linaondoka. Kwenye Mirihi, uzito ukiwa asilimia 38, lingeondoka kwenye sentimita 11. Hewa tunayotaka kuwapa wanaanga ni kilopaskali 56.5, zaidi ya mita tano na nusu za maji.

Fundi alikuwa kimya muda wote, kisha akasema: "Mwalimu, nyumba hii haitaki nguzo. Inataka mkanda."

Ndivyo ilivyo. Sisi tunajenga tukiogopa paa kuanguka. Kule paa linataka kuruka. Tofali ni zuri likikandamizwa na bovu likivutwa, na nyumba ya Mirihi inavutwa pande zote mchana na usiku. Ukitaka kuizuia kwa uzito wa udongo peke yake unahitaji mita tisa na nusu za udongo juu ya paa. Ukiweka shinikizo la hewa la usawa wa bahari zinakuwa mita 17.

Kwa hiyo kazi mbili zimetenganishwa. Kushika hewa ni kazi ya mtungi wa ndani, wa kitambaa na mikanda. Kuzuia mionzi ni kazi ya udongo wa nje, ambao haushiki chochote. Kuba la matofali limefutwa kwenye mchoro.

Gharama: mpira wa trekta uliotumika 60,000; mpira wa kipimo 6,000; mbao 70,000.

11 Mei: Mtungi wa turubai

Kwanza sababu ya kilopaskali 56.5. NASA imependekeza hewa ya namna hiyo, yenye oksijeni asilimia 34, kwa watu wanaotoka nje mara kwa mara. Suti ya nje ina shinikizo dogo, na tofauti ikiwa kubwa mtu anabaki saa nyingi akipumua oksijeni tupu kabla ya kutoka ili naitrojeni isimfanyie mapovu kwenye damu. Kwetu kuna faida nyingine: nguvu ya kupasua kuta inapungua karibu nusu.

Hata hivyo haipungui kuwa ndogo. Mtungi wa kipenyo cha mita 6 unavutwa kwa tani 17 kwenye kila mita ya urefu wake. Mfano wetu una kipenyo cha mita moja tu na tuliupima kwa mita moja ya maji, ambayo inatoa nusu tani kwa mita.

Mshona maturubai alishona kama anavyoshona ya lori, mshono mara mbili. Ulifumuka kwenye tundu za sindano, kisha kwenye duara la mwisho ambako kitambaa kinakutana na fremu ya mlango. Kuongeza uzi hakukusaidia, maana kila tundu jipya ni udhaifu mpya. Kilichosaidia ni kumwondolea turubai kazi ya kuvuta. Sasa turubai linashika hewa tu, na ni kubwa kidogo kuliko linavyohitaji kuwa. Juu yake tumesuka mikanda ya kufungia mizigo ya lori, mmoja juu mmoja chini, kama kitanda cha kamba. Mikanda haikushonwa popote, imezungushwa kwenye vyuma vya fremu. Mfano ulikaa na mita yake ya maji usiku kucha.

Baadaye tulikuta kwamba BEAM, chumba cha kujazwa hewa kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2016, nacho kina tabaka la kushika hewa na tabaka la kubeba nguvu. Siku ya kwanza ya kukijaza kiligoma kutanuka, vitambaa vikiwa vimeng'ang'aniana baada ya kukunjwa muda mrefu, wakasitisha na kumaliza siku mbili baadaye. Tumeongeza kwenye maelezo: mtungi usikae umekunjwa bila poda kati ya matabaka.

Mlango ulizua ubishi. Mlango wa mita moja kwa mbili unasukumwa na tani 11 na nusu. Ukifungukia ndani, hewa yenyewe inaukandamiza kwenye fremu na haupitishi. Ukifungukia nje, unaishi kwa rehema ya komeo. Sote tulitaka wa ndani, hadi mwalimu alipotukumbusha Apollo 1. Tarehe 27 Januari 1967 wanaanga wa Marekani Grissom, White na Chaffee walikufa kwa moto kwenye chombo chao kikiwa bado ardhini, ndani kukiwa na oksijeni tupu. Mlango ulifungukia ndani, moto ukapandisha shinikizo, na hakuna binadamu angeweza kuuvuta. Nasi tunapendekeza oksijeni asilimia 34, ambayo inawasha vitu upesi kuliko hewa hii.

Suluhisho liko kwenye ramani ya nyumba. Mitungi imekuwa mitatu, kila mmoja mita 6 kwa 9, imeunganishwa pembetatu. Ndani ya kila mtungi kuna milango miwili ya kwenda kwenye mingine miwili, na kwa kuwa shinikizo la pande zote ni moja, milango hiyo inasukumika kwa mkono na kufungukia upande wa kukimbilia. Ya kwenda nje kabisa inafungukia ndani. Moto ukitokea hukimbilii nje ambako hakuna hewa, unahamia chumba cha pili.

Kuna aliyependekeza tujaze oksijeni ya mtungi wa kuchomelea kwenye mfano tuone moto unavyokwenda. Tulikataa, na ninaandika hapa ili asitokee mwingine wa kujaribu.

Gharama: turubai na ushonaji 240,000, mikanda 180,000, vyuma na uchomeleaji 210,000, mpira wa mlango 35,000.

29 Juni: Mionzi na viroba

Curiosity ilipima karibu milisivati (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 0.67 kwa siku pale juu ya uso wa Mirihi, na 1.8 kwa siku ikiwa njiani. Siku 500 bila kinga ni 335. Kwenda na kurudi, tuseme miezi sita kila upande, ni zaidi ya 600, na NASA inataka mwanaanga asizidi 600 maisha yake yote ya kazi. Safari yenyewe imekwisha kula kibali. Ndiyo maana udongo wa juu ya paa hatuupunguzi hata mchora ramani akilalamika kwamba hakuna madirisha: mita tatu, na tangi la maji juu ya vitanda.

Kwa udongo tulitumia viroba vya sandarusi, vinajazwa, vinapangwa kama matofali, vinagongwa. Vibarua wanajua kazi hii bila maelezo. Tuliacha ukuta mmoja ukitazama jua la mchana, na hapo ndipo tulipoona viroba vikianza kupauka na kuchanika kwa kidole. Mionzi ya urujuanimno ya Mirihi ni mikali zaidi. Hapo matofali ya salfa yakapata kazi: yamekuwa ganda la nje la kufunika viroba, yanabeba uzito wake tu. Pia yanafaa kwa njia za miguu na banda la gari. Uwanja wa kutua hayafai, moto wa roketi utayayeyusha.

Gharama: viroba 200, 140,000, vibarua 120,000.

27 Julai: Kulala ndani

Tulijenga mtungi mmoja wa kukaa kwa vipimo kamili, marine board hadi usawa wa kichwa na turubai juu, tukakaa wanne kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu. NASA ilifungia watu wanne Houston kwa siku 378 mwaka 2023 hadi 2024 kwenye nyumba ya mita za mraba 158. Sisi kwa mitungi mitatu tunakaribia hapo, lakini eneo si shida iliyojitokeza.

Ilijitokeza baridi. Julai ya Arusha si mchezo, na pumzi za watu wanne zilipanda hadi kwenye turubai zikarudi kama matone juu ya blanketi. Nguo tulizofua Jumamosi zilikuwa mbichi Jumatatu. Hakuna aliyekuwa amechora mahali pa kuanika. Kwenye kituo cha anga hawafui kabisa, nguo chafu zinatupwa, lakini kwa siku 500 huwezi kubeba masanduku hayo yote. Sasa kuna kabati la kuanikia lenye feni, hewa yake inapita kwenye bomba la baridi, maji yanarudi tangini. Vitanda vimesogezwa sentimita 20 kutoka ukuta wa nje ili hewa ipite nyuma. Kituo cha Mir kilikuwa na ukungu nyuma ya paneli zake, na tuliuona wa kwetu ukianza kwenye kona siku ya tatu.

Pampu ya maji ilikuwa ukuta mmoja na chumba cha bwana shamba. Jumapili asubuhi alihamia mezani na godoro lake. Pampu, choo na feni kubwa vimepelekwa mtungi wa pili.

Gharama: 1,150,000. Nyingi ni mbao, zinauzika.

31 Agosti: Bustani bila udongo

Udongo wa Mirihi una pakloreti, chumvi zilizogunduliwa na chombo cha Phoenix mwaka 2008. Zinazuia tezi ya shingo kupata madini joto, njia ileile ya rovu. Zinayeyuka kwenye maji, hivyo swali ni maji kiasi gani yanatosha kuusuuza udongo. Tuliigiza kwa chumvi ya mezani na kipimo cha bei nafuu cha chumvi kwenye maji. Vipimo viligoma kushuka hata udongo ulipokuwa hauna ladha yoyote ya chumvi, kumbe majivu yenyewe yanatoa madini yake. Tukasuuza majivu yasiyotiwa chumvi pembeni na kutoa tofauti. Changarawe ilisafika haraka. Unga laini ulishikilia maji ya chumvi hadi bwana shamba akachoka kumwaga.

Ameamua: mchicha na spinachi kwenye mabomba yenye maji ya virutubisho, taa za LED, mboga mbichi tu. Wanga na protini vinakuja vikavu kutoka Duniani. Naungana naye, kituo cha kwanza si mahali pa kujaribu njaa.

Gharama: 95,000.

Oksijeni ni ya hesabu tu. Watu wanne wanatumia kilo 3.4 kwa siku. MOXIE, mtambo wa kutengeneza oksijeni kutoka hewa ya Mirihi uliokuwa kwenye gari la Perseverance, ulifika gramu 12 kwa saa ukiwa kwenye ubora wake. Inahitajika mitambo 12 ya ukubwa ule isiyopumzika, na mmoja ulikula wati 300 hivi. Umeme huo hatuuwekei sola peke yake. Dhoruba ya vumbi ya 2018 ilinyamazisha moja kwa moja Opportunity, gari la Mirihi lililotegemea sola. Mchoro una mtambo mdogo wa nyuklia nyuma ya kilima, na sola kama akiba.

21 Septemba: Mpira wa mlango

Mpira wa mlango, ule unaoziba hewa, ulikuwa sawa kwenye joto la banda. Kwa baridi ya Mirihi tulipata mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dioksaidi uliokuwa unasubiri kujazwa upya, tukaupulizia ndani ya mfuko wa kanga nzito hadi theluji yake ikajaa. Theluji hiyo iko nyuzi 78 chini ya sifuri. Vaeni glavu za ngozi na mfanyie nje.

Kipande cha mpira wa mlango kilikaa humo hadi kikaacha kutoa moshi. Fundi alikikunja kikakatika katikati, mkato safi kama wa biskuti. Cha tairi la trekta kilikakamaa kama ubao. Silikoni tuliyoiongeza baadaye kwa 40,000 iligoma kukunjika lakini haikupasuka, na ilipopata joto kidogo ikarudi kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo mpira utakuwa wa silikoni, na utahamia upande wa ndani wa fremu ambako joto la chumba linaufikia, ukiwa na waya wa kupasha moto chini yake. Mfereji wa fremu ya sasa ni mwembamba mno kwa waya huo. Fundi anakata fremu mpya yenye mfereji wa milimita 12. Matumizi hadi leo ni 2,527,000, na hiyo fremu itatolewa humohumo.